Mpwa Wangu Anasoma, Mimi Ndiye Kitabu

Kuna wazee wa umri wangu ambao wapwa wao wakija kukaa nao mjini huwaletea ndizi, kuku wa kienyeji na salamu ndefu kutoka ushago. Wangu aliniletea mtihani. Alifika hapa Kangemi na sanduku la nguo na mfuko wa vitabu, akasema amepata nafasi ya kusomea uuguzi na kwamba atakaa nasi "kidogo tu, anko, mpaka nipate hosteli." Hosteli haijapatikana. Nimepatikana mimi.

Somo lenyewe ni anatomia na fiziolojia. Anatomia ni kujua kila kiungo kimekaa wapi. Fiziolojia ni kujua kinafanya kazi gani hapo kilipokaa. Mimi nilidhani mtu aliyefika miaka hamsini na ushee hayo anayajua kwa kuyaishi. Kumbe nimekuwa ndani ya mwili huu kama mpangaji asiyejua hata mita ya stima iko wapi.

Wanaosomea udaktari pale Chiromo, kwenye idara ya anatomia ya Chuo Kikuu cha Nairobi, hujifunzia maiti. Chuo cha mpwa wangu kina kiunzi cha mifupa ya plastiki, na darasa zima linakipangia foleni. Kwa hiyo akatafuta mwili wa kufanyia mazoezi karibu na nyumbani, akaupata mezani ukinywa chai.

Sasa siwezi kuumega mkate kwa amani. Vidole viwili vinatua shingoni mwangu na sauti inasema, "Usiongee, anko, nahesabu." Mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Wangu ulizidi mia. Akaniambia nitulie, arudie. Nitatuliaje na mtu amenikaba koo nikiwa na mandazi mdomoni?

Kitabu chake tulikinunua pamoja, kule katikati ya mji ambako vitabu vikuukuu hutandazwa kando ya njia na mnunuzi huvisoma akiwa ameinama. Alitaka kile cha Ross na Wilson, ambacho kilitoka mara ya kwanza mwaka 1963, mwaka tuliopata uhuru, na tangu hapo wauguzi hawajapumzika. Nikainama kukitafuta. Kabla sijakipata, alikuwa ameshaniwekea kidole kiunoni na kunieleza, mbele ya wapita njia, kwamba pingili tano za kiuno ndizo zinazobeba uzito mkubwa zaidi wa kiwiliwili, na kwamba kati ya pingili na pingili kuna kisahani cha gegedu ambacho hupoteza maji kadiri mtu anavyozeeka. Muuza vitabu akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akapandisha bei. Alijua mzee wa visahani vikavu hawezi kuinama mara ya pili kwa jirani yake.

Tulipofika nyumbani tukagundua kurasa za figo zimeng'olewa. Wizi wa figo nilikuwa nikiusikia kwenye uvumi tu. Sikujua unafanyika hata vitabuni.

Basi tukaanza na mifupa. Mtu mzima ana mifupa 206, na mtoto mchanga ana karibu 300. Nilipouliza ile mingine ilipotelea wapi, nikaambiwa haikupotea, iliungana. Vipande vya fuvu vinashikana, na pingili tano zilizo chini ya zile za kiuno zinakuwa mfupa mmoja mtu anapofikia utu uzima. Hapo niliweka kikombe chini. Katika nchi hii, ambamo ndugu watano hawawezi kuachiwa nusu ekari bila kufika mahakamani, kumbe kuna watano ndani yangu waliounganisha mali bila chifu wala wakili, na wamekaliana kimya tangu ujana wangu. Nimeanza kuwaheshimu. Naketi taratibu.

Ila kuketi taratibu ni jambo la nyumbani. Ukipanda matatu asubuhi kwenda mjini, unaketi unavyoketishwa. Viti vimesogezwa mbele mpaka magoti yangu yanajua rangi ya shati la mtu wa mbele. Zamani nikishuka nilikuwa nasema "mguu umekufa ganzi" na hadithi inaisha hapo. Siku hizi najua ni neva ya siatiki, iliyo nene kuliko zote mwilini, ambayo inatoka kiunoni, inapita nyuma ya nyonga chini ya msuli wa kalio na kuteremka mguuni. Na najua mimi ndiye ninayeikalia, pamoja na pochi iliyojaa risiti. Maumivu hayajapungua hata kidogo. Yamepata jina tu, na mtu aliyejifunza jina hulitumia. Mke wangu anasema nilikuwa nikilalamika kwa dakika moja, sasa natoa mhadhara.

Kiwiko nacho kina habari yake. Matatu ikiruka tuta, kiwiko kinagonga chuma cha dirisha na umeme unapita mpaka kwenye kidole cha mwisho. Nilikuwa nikidhani ni mfupa. Si mfupa, ni neva ya alna, ambayo sehemu kubwa ya njia yake mkononi imefunikwa vizuri isipokuwa hapo nyuma ya kiwiko, ambapo imeachwa kati ya ngozi na mfupa bila hata godoro. Aliyetuumba ana sababu zake. Lakini ningependa kujua kama alikuwa ameyaona matuta ya Kangemi.

Halafu muziki. Spika iko chini ya kiti, kwa hiyo besi inaanza kusikika tumboni kabla ya kufika masikioni. Mpwa wangu ananieleza, kwa kupiga kelele, kwamba nyuma ya kiwambo cha sikio kuna vifupa vitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho kifupa kidogo kuliko vyote mwilini, urefu wake ni milimita tatu hivi. Kelele ikizidi, kuna misuli miwili midogo inayovikaza vifupa hivyo ili visitikisike kupita kiasi. Ni walinzi wazuri, ila wanachelewa kidogo kuamka, na wakikaza kwa muda mrefu wanachoka. Ndani zaidi kuna seli zenye vinyweleo, zipatazo 15,000 katika kila sikio, ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa sauti, na ikifa moja haioti nyingine.

"Ngapi?" nikauliza, maana sikusikia.

"Elfu kumi na tano!"

Nikamwomba makanga apunguze sauti, nikamtajia seli zangu. Akaniangalia kwa upole kabisa. "Mzee, hizo seli zako zilipe nauli kwanza."

Jumamosi moja mpwa wangu aliamua kwamba tunahitaji mifupa ya kweli, akanipeleka Makumbusho ya Taifa, pale Museum Hill. Njiani tulipita karibu na Chiromo, na mimi ambaye kwenye somo hili sina changu nikapata nafasi ya kufundisha. Nikamwambia kwamba kabla ya kuwa mahali pa maiti na wanafunzi, Chiromo palikuwa nyumbani kwa Ewart Grogan, Mwingereza aliyevuka Afrika kutoka kusini hadi kaskazini, sehemu kubwa kwa miguu, akafika Kairo mwaka 1900. Sababu? Alikuwa amependa binti, na baba wa kambo wa binti alitilia shaka kama kijana huyo atafaa kitu. Wazee wetu walitoa ng'ombe. Yeye alitoa nyayo. Alimpata, binti jina lake Gertrude, na hospitali ya watoto ya Gertrude's kule Muthaiga inaitwa kwa jina lake. Nilimalizia kwa kusema kwamba kwenye shamba la mtu aliyejulikana kwa miguu, leo vijana wanapasua miguu wajue inavyokwenda. Nilidhani nimesema jambo zito. Mpwa wangu akauliza Grogan alikuwa na unyayo bapa au wenye tao. Huyu mtoto hawezi kusikia hadithi ya mapenzi bila kuiangalia chini ya soksi.

Kule makumbusho nilimkuta mtu ninayemwonea huruma kuliko mimi. Ni yule Kijana wa Turkana, aliyekufa miaka kama milioni moja na nusu iliyopita akiwa bado mtoto. Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa na jicho la kuona mfupa pale wengine walipoona changarawe, aliokota kipande cha kwanza cha fuvu lake mwaka 1984 kule Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Wenzake wakaja na nyungo na brashi, na kilichotoka ardhini ni kiunzi kilichokamilika kuliko vingine vya kale vya namna hiyo: mbavu, pingili, nyonga, mapaja. Kimeu hakuwa na shahada yoyote ya anatomia. Aliijua mifupa kwa kuitafuta juani, na wenye shahada walikuwa wakimsubiri aseme. Alifariki mwaka 2022, na kama ningeulizwa, barabara moja hapa mjini ingekuwa na jina lake badala ya majina ya watu waliotufanyia mambo ambayo hatuyakumbuki.

Mpwa wangu alinisimamisha kando ya kabati la kioo. "Angalia paja lake, anko, refu kama lako. Huyu alikuwa wa kutembea." Mlinzi akatuangalia, mimi na kijana, kijana na mimi, na nina hakika alilinganisha. Nilichoondoka nacho pale ni kinyongo. Watu tumesimama kwa miguu miwili miaka yote hiyo, na mgongo bado unalalamika kana kwamba tulianza juzi.

Turudi kwenye figo, kwa kuwa kurasa zake hazipo na mimi nipo. Figo mbili, kila moja ukubwa wa ngumi, huchuja lita zipatazo 180 za maji ya damu kwa siku. Karibu yote hurudishwa mwilini. Lita moja na nusu hivi ndiyo inayoteremshwa kibofuni. Kibofu nacho kinabeba kama nusu lita, lakini hakina subira: kikifika robo lita tayari kinaanza kupeleka ripoti kwa ubongo. Yote haya niliyasoma kwa vitendo, jioni ya mvua, Waiyaki Way, nikiwa nimekunywa vikombe viwili vya chai ya maziwa mjini.

Gari lilikuwa limesimama Westlands. Juu ya vichwa vyetu ilipita ile Expressway iliyofunguliwa mwaka 2022, na niliwasikia wenye pesa ya ushuru wakienda zao nyumbani, vibofu vyao vikiwa vitupu na roho zao safi. Sisi wa chini tulikuwa tumezimiwa injini. Mpwa wangu akaniona ninavyokaa, akatoa daftari.

"Anko, hapo kuna milango miwili," akasema, sauti ya mtu anayesoma hukumu. "Wa ndani huutawali, unafunguka wenyewe. Wa nje ndio wako."

Kwa hiyo katika mwili wote huu wenye misuli zaidi ya 600, jioni ile nilikuwa natawala mmoja. Nimewahi kuwa mwenyekiti wa chama, nimewahi kuwa karani wa kanisa, lakini sijawahi kushika wadhifa wenye uzito ule. Ubongo uliniambia ningoje, kibofu kikaniambia kimengoja vya kutosha, na redio ikatangaza kwamba kuna msongamano. Nikashuka. Nilirudi kwa miguu kuelekea majengo yenye taa, nikakuta choo cha kulipia. Mwangalizi alitaka kumi. Nilikuwa na noti ya elfu. Hana chenji. "Tuma kwa simu, mzee." Jaribuni siku moja kubonyeza namba ya siri huku mnacheza ngoma ya mguu mmoja. Nilikosea, nikakosea tena, na mwangalizi, ambaye kwa kazi yake anaijua fiziolojia kuliko maprofesa wengi, akaufungua mlango akasema, "Ingia tu, utalipa ukitoka." Mtu huyo apewe digrii.

Tumbo ndilo lililotugombanisha na majirani. Hapa steji kuna jamaa anayechoma mutura jioni, na mimi ni mteja wa kudumu. Mpwa wangu akanikuta pale, akainama juu ya makaa, akauliza kama ule ni utumbo mwembamba au mpana. Jamaa akasema ni mutura. Binti akaanza kueleza: utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa mita sita hivi, mpana mita moja na nusu, ukuta wake una tabaka nne, ndani ya ule mwembamba kuna vinyweleo vya kufyonza chakula, unasukuma mzigo wenyewe bila kuagizwa, na kwenye utumbo mpana mabaki yanaweza kukaa siku nzima na zaidi, maji yakinyonywa polepole mpaka yawe... Hapo mteja mmoja akarudisha kipande chake kwenye ubao. Wa pili akakumbuka kwamba mkewe amepika. Jamaa akafuta kisu, akanigeukia mimi, si yeye. "Mzee, huyu daktari wako mpeleke nyumbani, ama ununue yote." Nilinunua yote. Tulikula kimya, na nakiri ilikuwa tamu, tabaka zote nne.

Jirani yangu wa ploti naye, tangu tujuane, ana vidonda vya tumbo, na dawa yake ni maziwa baridi. Vidonda hivyo ndivyo vinavyomzuia kuhudhuria mikutano ya ploti na kulipa pesa ya taka. Mpwa wangu, kwa nia njema, akamweleza kwamba vidonda vingi vya tumbo huletwa na bakteria, si mawazo wala pilipili. Kwamba daktari wa Australia, Barry Marshall, alipopuuzwa aliwanywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984, tumbo likamwaka, akapata alichotaka kuthibitisha, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Tena maziwa, akaongeza, hutuliza kwa muda mfupi kisha yanachochea asidi zaidi. Aende akapimwe. Jirani alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama huyo Marshall alikuwa na watoto shuleni na mwenye nyumba mlangoni. Tangu siku hiyo hasalimii. Watu hawapendi kunyang'anywa ugonjwa waliouzoea.

Na shemeji yangu wa Mombasa je? Alikuja kututembelea, akapanda ngazi za daraja la kuvukia barabara, akafika juu ameshika kifua. "Mji gani huu, shemeji, hata hewa mwaipima kwa kijiko!" Mpwa wangu akafurahi kupata mwili mpya. Akamwambia hewa ya Nairobi ina oksijeni asilimia 21 sawasawa na ya Mombasa, ila tuko mita zipatazo 1,700 juu ya bahari, na huku juu mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu. Asiwe na wasiwasi: figo zikigundua upungufu hutoa homoni inayoamuru uboho kutengeneza chembe nyekundu za damu zaidi, na kila chembe huishi siku 120 hivi. Mwili utazoea.

"Utazoea kwa muda gani?" shemeji akauliza.

"Wiki kadhaa."

Shemeji akatua begi chini, akasema hana haraka. Mke wangu alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeuweka mji juu ya mlima.

Yote hayo ningevumilia kama si mfumo wa neva. Wiki hii nimeketishwa kwenye kiti kirefu, miguu inaning'inia, na binti akaja na mchi mdogo wa kutwangia tangawizi, akisema chuo hakijawapa nyundo. Akatafuta kano chini ya pia ya goti, akagonga. Mguu wangu, ambao nimeulisha na kuuvisha miaka yote hii, ukaruka bila kuniaga, ukapiga meza, chupa ya chai ikaenda chini. Akashangilia. Akasema hiyo ndiyo afya: habari inatoka kwenye goti mpaka uti wa mgongo na amri inarudi hapo hapo mguuni, ubongo unapewa taarifa baadaye.

Mke wangu akatokea jikoni. "Nani amepiga meza teke?"

"Uti wa mgongo," nikasema. Ndiyo sayansi, lakini chai niliipangusa mimi.

Sasa nimesikia ratiba ya muhula ujao. Wanafundishwa kutoa damu. Mshipa wanaoutumia sana uko pale mbele ya kiwiko, na binti ameshaniangalia mkono nikiwa nimevaa fulana, akautomasa na kusema, kwa sauti ya mama anayechagua nyanya sokoni, kwamba nina mishipa mizuri. Naomba basi: kama kuna msomaji wa safu hii, wa Westlands au Kawangware, Lavington au Uthiru, mwenye mkono wa plastiki wa kufanyia mazoezi ambao haumfai tena, anitafute kabla shule hazijafunguliwa. Nauli ya kuufuata nitalipa mimi, na mkono nitaupakata kwenye matatu mwenyewe, nao nitaulipia kiti chake.